Siku Mama Jezi Alipovuka Mstari

Kabla hajaitwa Mama Jezi, alikuwa mfuaji wa hospitali kwa miaka kumi na tisa. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma kabisa ya majengo, karibu na tanuri la kuchomea taka, na mashuka yalimfikia kwa matoroli yaliyojaa mpaka yanamwagika. Katika miaka hiyo alijifunza kusoma nguo kama wengine wanavyosoma gazeti. Akikunjua shuka alijua huyu ametoka jasho la homa, huyu amekesha akijigeuzageuza, na yule anaficha chakula chini ya mto ili muuguzi asijue kwamba hawezi kula. Wauguzi walimtania wakamwita daktari wa mashuka. Naye aliwajibu kwamba wagonjwa wake angalau hawalalamiki.

Mpira ulimjia bila kupiga hodi. Mwalimu mmoja wa michezo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele, alifika siku moja na gunia la jezi zilizoganda tope. Bomba la shule lilikuwa limekauka, na kesho yake wasichana wake walikuwa na mechi. "Mama, nisaidie, nitakufa kwa aibu," alisema. Mama akazifua, akazikausha kwa mashine ya hospitali bila ruhusa ya mtu, na alipozipeleka uwanjani alisimama aangalie dakika tano tu. Dakika tano zikawa mechi nzima. Hakujua mpira unaliwa kwa chumvi au kwa sukari, lakini aliondoka pale akijua kwamba beki wa kushoto ana kidonda gotini na anakificha, maana alikiona kwenye soksi.

Miaka sita baadaye yule mwalimu alikabidhiwa timu ya taifa ya wasichana walio chini ya miaka kumi na saba. Wakubwa walimuuliza anahitaji nini. Wao walidhani atasema uwanja, au mipira mipya. Yeye alisema, "Kwanza nataka yule mama wa kufua."

Mume wa mama huyo, mpaka rangi wa majumba, alicheka mpaka brashi ikamdondoka. "Umelea wavulana watatu wanaotupa soksi chini ya kitanda. Sasa unakwenda kulea wasichana ishirini na mmoja?"

"Hawa angalau wana namba mgongoni," alimjibu. "Nitajua soksi ni ya nani."

Ndivyo alivyopata jina lake. Na ndivyo alivyojikuta, akiwa na miaka hamsini na mbili, kwenye nchi ya watu, katika mashindano ya kimataifa yaliyokusanya timu kumi na sita za wasichana, akifua jezi katika chumba cha chini cha hosteli ya chuo, chenye mashine mbili na moja kati yake inatembea yenyewe ikianza kukamua.

Timu ilikwenda kwa miujiza na kwa mikono ya kipa. Kipa huyo alikuwa na miaka kumi na sita, mrefu kama ngazi, na wenzake walimwita Kufuli kwa sababu katika mechi sita za kufuzu lango lake lilifunguliwa mara moja tu. Alikuwa mtoto wa maneno mengi. Asubuhi alikuwa wa kwanza kufika chumba cha jezi, akikaa juu ya kikapu cha nguo chafu na kumsimulia Mama Jezi ndoto alizoota. Kipa wa akiba, msichana mdogo wa mwili, aliitwa Kibiriti kwa jinsi alivyokuwa mwepesi kuwaka. Walilala chumba kimoja, na walipendana kama ndugu wanaogombania kitanda cha juu.

Nusu fainali ilichezwa Jumatano jioni. Dakika ya sabini, timu ikiongoza bao moja, ilipigwa kona. Kufuli alitoka, akaruka, akaufikia mpira kwa ngumi, na papo hapo goti la mshambuliaji likamgonga juu ya sikio. Alianguka kama mzigo uliokatwa kamba. Daktari wa timu, msichana aliyemaliza masomo juzijuzi tu, alikimbia na mkoba wake. Alimuuliza ni ngapi ngapi, ni kipindi gani, na mechi iliyopita walicheza na nani. Kufuli alijibu yote bila kusita, akasimama, akaokoa mashuti mengine mawili. Filimbi ilipolia, timu ilikuwa fainali kwa mara ya kwanza tangu mpira wa wasichana uanze kuchezwa kwao. Wachezaji walilala chini wakalia. Simu zililia kutoka nyumbani, na kila simu ilikuwa na kelele za mtaa mzima nyuma yake.

Alhamisi ilikuwa siku ya mapumziko. Saa tatu asubuhi Mama Jezi alikuwa chini kwenye mashine zake, akimwaga gunia la nguo za jana sakafuni ili azichambue. Chini kabisa alikuta taulo lililoviringishwa ndani ya taulo jingine, likafungwa fundo. Alilifungua. Halikuhitaji kunuswa mara mbili. Mtu alikuwa ametapika, tena si mara moja, na pembeni ya taulo ilikuwa imeandikwa namba moja, namba ya Kufuli, kwa wino usiofutika, kwa mkono wake mwenyewe.

Alikaa juu ya ndoo. Mtu aliyekula vibaya hafichi taulo. Hupiga kelele, humlaumu mpishi, hutaka kila mtu ajue anavyoonewa. Huyu amefunga fundo.

Alipanda ngazi mpaka ghorofa ya pili. Nje jua lilikuwa limekwisha kupanda, lakini chumba cha makipa kilikuwa kiza, mapazia yamefungwa na blanketi limetundikwa juu yake. Kibiriti alikuwa amekaa kitandani amekumbatia magoti. Kufuli alikuwa amelala na kofia usoni.

"Mwanangu," Mama Jezi alisema, "una nini?"

"Sina kitu, Mama. Yale mayai ya jana hayakunipenda."

"Mayai yaleyale nimekula mimi, nikaongeza na ya dereva. Toa kofia."

Alipotoa kofia macho yalijikunja kwa mwanga mdogo wa mlangoni, kama mtu aliyemwagiwa mchanga. Mama Jezi alimgeukia Kibiriti. "Na wewe umeona nini?"

Kibiriti alifungua mdomo, akaufunga. Machozi yakamtoka. Hapo Mama Jezi akaelewa, na roho ikamuuma kwa ajili ya yule mdogo. Angesema nini? Kipa wa akiba aseme kipa wa kwanza ni mgonjwa, siku mbili kabla ya fainali? Nani angeamini kwamba analia kwa ajili ya mwenzake na si kwa ajili ya nafasi?

"Toka kidogo, mwanangu," alimwambia, na Kibiriti akatoka kama aliyefunguliwa pingu.

Kufuli aliinuka akaketi, akishika ukuta. "Mama, naomba usiseme. Nakuomba kwa Mungu. Kuna yule mama wa chuo cha ng'ambo, unamjua, ameniona mara mbili. Amesema Jumamosi anakuja kuangalia kwa mara ya mwisho kisha anaamua. Wananisomesha, nacheza. Kwetu hakuna aliyemaliza hata sekondari. Mpira wangu wote ni siku moja tu, Mama. Siku moja! Kichwa kinauma tu, kichwa humuuma kila mtu."

"Umetapika mara ngapi?"

"Mbili." Akanyamaza. "Nne."

"Twende kwa Daktari."

"Nikienda sichezi. Wewe unajua sichezi." Akamshika mkono, na vidole vyake vilikuwa baridi. "Mpaka kesho tu. Nikiamka kesho na bado, nitaenda mwenyewe. Naapa."

Mama Jezi alikuwa na neno mdomoni. Alilimeza. Mpaka mwisho wa maisha yake hatajua vizuri kwa nini alilimeza. Labda ni kwa sababu hajawahi kuwa na binti, na huyu alimwita Mama bila kulazimishwa.

"Mpaka kesho asubuhi," alisema. "Usiinuke kitandani. Na Kibiriti asikuache peke yako hata kwenda chooni."

Siku ile alifua jezi zile zile mara mbili. Kila baada ya saa moja alipanda ngazi akasingizia kutafuta soksi. Mchana alimpigia mumewe simu akamweleza. Mumewe alikuwa juu ya jukwaa la ujenzi, upepo ukivuma kwenye simu.

"Kazi yako ni jezi," alisema kwanza. "Vichwa vina daktari wake." Kisha akasikika akishuka ngazi. "Sikiliza. Ukisema, na timu ikafungwa, nchi nzima itakula nyama yako. Ukinyamaza, na mtoto akapatwa na jambo, utajila nyama mwenyewe. Mimi siwezi kukuchagulia meno."

Ijumaa asubuhi Kufuli alishuka kifungua kinywa akitabasamu, kofia kichwani. Alikula mkate nusu. Alimkonyeza Mama Jezi kwa mbali kama wezi wawili. Mazoezi yalikuwa saa nne, na kabla ya saa nne alikuwa chumba cha jezi, akipokea vifaa.

"Umelalaje?"

"Kama mtoto mchanga. Nimepona, Mama. Umeona?" Akachukua glavu zake. "Mazoezi saa ngapi?"

"Saa nne."

Alivaa glavu ya kwanza, akahangaika na ya pili. Kidole gumba hakikupata njia. Alikuwa amevaa ya kushoto mkono wa kulia, na aliitazama kama anayetazama maandishi ya lugha asiyoijua. Kibiriti alimsogelea bila neno, akamvua zote mbili, akazibadilisha, akamvalisha. Kisha akainua macho akamwangalia Mama Jezi. Macho yale yalisema, mimi nimefika mwisho wangu, sasa ni wewe.

"Mazoezi saa ngapi?" Kufuli aliuliza tena.

Mama Jezi alifungua mdomo, na wakati huohuo Kocha, yule mwalimu wa jezi za tope, akapiga filimbi nje, na wasichana wote wakakimbia, na Kufuli akakimbia nao.

Kocha alikuwa na sheria moja isiyo na mjadala. Ndani ya mstari mweupe huingia wachezaji na yeye. Kiongozi wa msafara, bwana wa suti aliyetumwa na chama cha mpira, aliwahi kuingia kupiga picha akatolewa kama kuku jikoni. Mama Jezi, miaka yote ile, hakuwahi kuukanyaga mstari huo. Alikaa kwenye kreti la maji, akatazama.

Washambuliaji walipanga foleni wakapiga mashuti. La kwanza Kufuli alidaka. La pili lilimgonga mkononi likatoka. La tatu lilipita pembeni yake na hakusogea hata kidogo.

"Kufuli, umelala?" Kocha alipaza sauti.

Shuti la nne alirukia upande wa kulia, mpira ukaenda kushoto. Wenzake walicheka wakidhani anatania. Aliinuka taratibu, akashika mlingoti, akakitikisa kichwa kama mtu mwenye maji masikioni.

"Sasa krosi!" Kocha alisema. "Mabeki wote ndani. Rukeni naye, msimwonee huruma, kesho hawatamwonea."

Beki wa kati, msichana mwenye mabega ya mlango, akasogea kwenye boksi. Mpira ukawekwa pembeni. Mama Jezi aliona goti la yule beki. Goti tu, hakuona kitu kingine, linapanda na kushuka akijinyoosha. Alijikuta amesimama. Akaona miguu yake yenye ndala ikitembea, ikafika kwenye mstari, ikaukanyaga, ikaendelea.

"Mama Jezi! Mama Jezi, toka!"

Mpira mmoja ulimpiga mgongoni akayumba. Hakugeuka. Alitembea mpaka langoni, akasimama mbele ya Kufuli, akawapa wengine mgongo, mikono ameitandaza kama anayezuia mbuzi wasitoke zizini.

"Haya," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Pigeni sasa."

Kocha alikuja akikimbia. "Umepatwa na nini?"

"Huyu mtoto ni mgonjwa tangu jana. Ametapika mara nne. Mwanga unamuumiza. Ameniuliza saa ya mazoezi mara mbili na amevaa glavu kinyume. Mwite Daktari."

"Uliniahidi!" Kufuli alipiga kelele, na kelele yake mwenyewe ikamfanya ashike kichwa. "Uliniahidi, Mama!"

"Nilikuahidi mpaka asubuhi, mwanangu. Asubuhi imefika."

Daktari alimpima palepale kwenye nyasi. Alimtajia maneno matano ayarudie. Kufuli alirudia mawili. Alimwambia ataje miezi kwa kurudi nyuma kutoka Desemba, akakwama Septemba. Alimwambia asimame kwa mguu mmoja, afumbe macho. Alisimama kidogo, kisha mwili mrefu ukaanza kuinama upande, polepole, mpaka ukaangukia wavu, na wavu ukamshika.

Daktari alikuwa mweupe midomo. "Mtikisiko wa ubongo," alisema. "Nilimpima Jumatano tu. Nilipaswa kumpima na jana."

Kocha alikalia mpira. Akafunika uso kwa viganja. Kisha akamuuliza Mama Jezi, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, "Ulijua tangu saa ngapi?"

"Jana saa tatu."

"Siku nzima," Kocha alisema. Mama Jezi angeona afadhali angetukanwa.

Kiongozi wa msafara alifika akitota jasho ndani ya suti. Alisema mtoto anaonekana mzima, alisema huu ni woga wa wanawake, alisema huwezi kumtoa kipa bora wa mashindano kwa sababu ya taulo la mfuaji. Kocha alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Hachezi," alisema.

"Mkifungwa, tutajua wa kumuuliza."

"Mtaniuliza mimi."

Lakini jicho la yule bwana lilikuwa limeshatua kwa Mama Jezi, na halikuondoka.

Hospitalini walimpiga Kufuli picha za kichwa. Picha zilitoka safi. Hakuna damu iliyovuja, hakuna kilichopasuka. Apumzike kwenye kiza, walisema, asiangalie simu wala televisheni, na asiachwe peke yake. Jumamosi, siku ya fainali, Daktari alitakiwa benchi. Kocha alipanga mtu wa kubaki.

"Mama Jezi, ukishatundika jezi, utarudi ukae naye."

"Yeyote," Kufuli alisema akiangalia ukuta, "yeyote isipokuwa huyu."

"Huyu ndiye pekee asiyedanganyika na wewe," Kocha alisema. "Ulijaribu, ikakushinda."

Saa sita mchana Mama Jezi alikuwa chumba cha kubadilishia nguo, akitundika jezi kwa mpangilio. Kibiriti alikuja akasimama chini ya jezi yake namba kumi na mbili, mdogo kuliko siku zote.

"Mama, watu watasema nilimwombea mabaya."

"Watasema. Na wewe daka."

"Na nikifungwa?"

"Utaokota mpira wavuni, wataanza upya katikati. Hivyo ndivyo nilivyoona wanafanya." Alimfunga kamba za kiatu, fundo mbili, akaondoka kabla mtoto hajayaona macho yake.

Saa kumi kamili alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya kile chumba cha kiza. Fainali ilikuwa dhidi ya wenyeji. Hosteli nzima ilikuwa imejaa wanafunzi wa nchi ile, wamekusanyika ukumbi wa chini mbele ya televisheni, na sakafu ilibeba kelele zao mpaka kwenye miguu ya kitanda. Kufuli alikuwa amempa mgongo. Hakuwa amesema naye neno tangu jana. Hata maji aliyapokea bila kugeuka.

Robo saa. Ukumbi ulipanda, ukashuka. Ukapanda tena. Mama Jezi alihesabu mapigo ya moyo wake akapoteza hesabu. Kisha mlipuko. Viti vilianguka chini, watu wakaimba, mtu akapita koridoni akikimbia na kupiga kila mlango kwa kiganja.

"Wamefunga," Kufuli alisema ukutani. Lilikuwa neno la kwanza.

"Usifikirie. Daktari amesema usifikirie."

"Nisifikirie vipi, Mama?"

Mama Jezi alimgeuzia kitambaa cha maji baridi kwenye paji la uso. Kufuli alikitoa akakiweka pembeni.

Mapumziko yalipita. Kipindi cha pili kilikuwa mawimbi, kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, mara nyingi mno. Kila wimbi lilipopanda Mama Jezi alishika kingo za kiti. Kila liliposhuka bila kulipuka Kufuli alitoa pumzi. "Anadaka," alinong'ona. "Yule mtoto anadaka." Alikuwa amegeuka sasa, amelala chali.

Halafu, wakati Mama Jezi alipokuwa ameanza kuomba mechi iishe tu, ukumbi ulinyamaza. Ulikatika kama redio iliyochomolewa waya. Wote wawili walitazamana gizani.

"Tumerudisha," Kufuli alisema. Sauti ilimpasuka. "Mama, tumerudisha!"

"Lala chini!"

"Nimelala!" Alikuwa amepiga magoti kitandani.

Dakika tisini zikaisha, zikaja za nyongeza, zikaisha. Walijua ni penalti kwa sababu kelele zilikuwa zinakuja moja moja, zimetenganishwa na kimya kirefu.

"Nani ameanza kupiga?" Kufuli aliuliza. Hakuna aliyejua.

Kelele. Kisha mguno. Kisha mguno mwingine, mrefu.

"Amedaka! Kama wao walianza, hiyo amedaka. Kama sisi tulianza..." Alinyanyua vidole, akapotea katikati, akaanza upya. "Mama, shika wewe. Mkono mmoja kwa kelele, mkono mwingine kwa mguno."

Mama Jezi alikunja vidole. Kelele. Kelele. Mguno. Mguno. Kufuli alikuwa amemshika kifundo cha mkono bila kujua, anakiminya. "Asiruke mapema," alikuwa anasema kwa haraka, kana kwamba kuna waya kati ya chumba kile na uwanja. "Anaruka mapema, siku zote namwambia. Subiri mguu wake, Kibiriti. Subiri mguu." Kelele. Kelele tena. Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu mpaka Mama Jezi akasikia bomba likidondosha maji chooni.

Kisha jengo lilitikisika. Halikutulia. Nje magari yalianza kupiga honi, moja, kumi, mji mzima.

Kufuli aliachia mkono. Alirudi chini polepole, akageukia ukuta, akalia kwa namna ya mtu anayeumia kila anapolia lakini hawezi kuacha. Mama Jezi alikaa pale, vidole bado vimekunjwa.

Waliorudi walisimulia. Kibiriti alikuwa amedaka penalti mbili. Washambuliaji wa timu yake walikosa tatu. Lakini hakuna aliyewauliza washambuliaji. Nyumbani redioni walitaka kujua Kufuli yuko wapi, na ripoti ya chama iliandika kwamba mtumishi wa vifaa aliingilia masuala ya kiufundi. Picha safi za hospitali zilitajwa humo mara tatu. Kambi iliyofuata Mama Jezi hakuitwa, wala iliyofuata hiyo. Alirudi kwenye mashuka. Sokoni mtu mmoja alimnyooshea kidole akasema, "Huyo ndiye aliyeuza kombe," naye akanunua vitunguu vyake akaondoka.

Yule mama wa chuo cha ng'ambo alifanya uamuzi wake. Alimchukua Kibiriti.

Kufuli aliumwa kichwa wiki saba. Hakuweza kusoma ukurasa mzima darasani bila herufi kucheza. Je, goti jingine lingemfanya nini? Hakuna anayejua. Mama Jezi alijiuliza swali hilo akikamua mashuka, akijibu hivi leo na vile kesho, na aliona kwamba atazeeka nalo. Lililomuuma zaidi halikuwa kombe. Ilikuwa ile siku moja aliyokaa kimya. Alimweleza mumewe hivyo, na mumewe, ambaye ni mtu wa utani, safari hii hakutania. Alimmenyea viazi vyote vya chakula cha jioni.

Ulipita mwaka na miezi. Kocha alipewa timu ya walio chini ya miaka ishirini, na alipiga simu siku ileile. "Nimewaambia bila wewe siendi. Wamenuna. Njoo Jumatatu."

Jumatatu alikuta chumba cha jezi kidogo, rafu mpya, harufu ya mbao. Alikuwa anapanga bukta pale mtu mrefu alipoinama kupita mlangoni. Kufuli alikuwa ameongezeka mabega. Alisimama, hakukaa juu ya kikapu.

"Bado nina hasira na wewe, Mama."

"Najua, mwanangu."

"Kibiriti ananiandikia. Ana mwalimu wake mwenyewe wa makipa, na theluji." Alitazama rafu. "Wakati mwingine sijibu."

"Mjibu."

Kufuli alichukua jezi yake, akaikunja, akaikunjua. Nje Kocha alikuwa ameanza kuita majina. Aligeuka kutoka, akafika mlangoni, akasimama.

"Ukiniona siko sawa," alisema bila kutazama nyuma, "sema."

"Hata ikiwa fainali?"

Nje Kocha aliita jina lake mara ya pili, kwa ukali.

"Hata ikiwa fainali. Lakini siku hiyohiyo, Mama. Usingoje kesho."

Akaenda mbio uwanjani. Mama Jezi alichukua kreti la maji, akatoka, akaliweka nje ya mstari mahali anapoliona lango vizuri, akakaa. Krosi ya kwanza ilipigwa juu sana, mabeki wawili wakaruka. Kufuli alitoka, akaruka kati yao, akaupiga mpira ngumi mpaka katikati ya uwanja.